Papa, Mfupa Umeshika

Papa,

Mfupa umeshika.

Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeuliza hilo kabla hata ya salamu. Jana Daktari alikuja kutoka Kigali, kama anavyokuja kila mwezi, akanipiga picha ya mifupa na kuifungua kwenye kompyuta. Unakumbuka ule ufa mweusi uliokuwa unapanda kutoka kwenye meno ya juu, upande wa kushoto, mpaka karibu na pua? Haupo. Pale palipokuwa peusi sasa pana weupe. Si weupe mkali kama wa meno, ni weupe hafifu, kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa wakati Bukavu bado haijaonekana. Daktari alipitisha kalamu mbele ya kioo bila kukigusa. Akasema taratibu, "Huu hapa. Huu ni mfupa, ni wako, na umeshika."

Niligeuka, Papa. Niligeuka mzima mzima kuelekea benchi la karibu na mlango, pale ulipozoea kukaa na kofia yako juu ya goti, na kinywa nilikuwa nimeshakifungua ili nikwambie. Alikuwa amekaa mama mmoja nisiyemjua. Nikakifunga.

Ndiyo maana naandika. Utasema naandika Kiswahili cha kitabu. Najua. "Ule mutoto anaongeaka sawa redio ya Tanzania," ulikuwa unawaambia wateja wako pale sokoni, huku umebana misumari midogo kati ya midomo, na sikujua kama unanicheka au unajivuna. Nafikiri ni vyote viwili. Lakini nikiandika vile tunavyoongea nyumbani nitalia mapema, na leo nataka kufika mwisho. Kuna jambo sikulisema ulipokuwa hai. Na kwa sababu sikulisema, hapa nyumbani wanaamini kwamba wewe uliharibu kazi ya Daktari. Shangazi Mariamu anasema hivyo wazi, ingawa ulikuwa kaka yake. Maman hasemi. Ila nikinywa chai anatazama mdomo wangu, halafu anatazama chini.

Ngoja nilipange tangu mwanzo.

Siku ya kwanza Daktari alikupa mkononi sanamu ya kinywa changu, ile ya plasta. Mimi niliona aibu, nikaangalia dirishani. Wewe uliigeuza kama unavyogeuza kiatu ulicholetewa, ukaitazama kwa chini, ukapitisha kidole gumba ndani, kwenye kaakaa. Hakuna mtu aliyewahi kutazama hapo kwa utulivu namna ile. Watu hutazama kovu la mdomo wangu wa juu, kisha wanahamisha macho haraka kama waliokanyaga mguu wa mtu. Wewe ulitazama ndani kabisa, ukasema, "Dokta, hii imebana pembeni. Iko sawa kiatu ya namba ndogo."

Daktari alicheka, akasema hukukosea. Akaeleza kwamba nilizaliwa na mdomo uliopasuka na kaakaa lililopasuka, na kwamba walionishona nikiwa mchanga walifanya kazi nzuri, lakini makovu yanavuta. Mtoto anakua, kovu halikui naye sawasawa. Kwa hiyo taya langu la juu lilibaki jembamba, meno ya juu yakaangukia ndani ya yale ya chini, na kwenye fizi ukabaki ufa ambao hauna mfupa. Kabla ya kuuziba ule ufa, lazima taya lipanuliwe. Akatuonyesha kifaa chenyewe: vyuma vinavyoshika meno ya nyuma, kushoto na kulia, na katikati skrubu yenye matundu madogo. Kila asubuhi unaingiza ufunguo ndani ya tundu, unasukuma kuelekea kooni mpaka tundu lingine litokee, unatoa. Mara moja kwa siku. Robo ya milimita.

"Na mfupa itakubali?" uliuliza.

"Ukienda pole pole, Mzee, utakubali."

Tulipofika kibandani kwako ulichukua ule mguu wa mti wenye skrubu, unaoutumbukiza ndani ya viatu vinavyobana, ukauzungusha mbele ya macho yangu. Pande zake mbili zikaachana. "Njo ile ile ya Dokta," ulisema. "Mungu wangu. Njo ile ile." Nimekulia kati ya viatu vyako, Papa, na sikuwahi kufikiria kwamba kichwa changu nacho ni kitu kinachoweza kufunguka.

Wiki ile nilikwenda maktaba ya shule nikatafuta kitabu cha biolojia chenye picha ya fuvu. Nilidhani fuvu ni kama chungu, kitu kimoja kilichochomwa mara moja. Kumbe ni mifupa mingi, na imeshikana kwa mistari yenye meno meno ambayo kwa kweli inafanana na mshono. Kwenye ukurasa mwingine nikasoma jinsi uso unavyoumbwa. Hauji mzima. Unakuja kwa vipande, kutoka kushoto na kutoka kulia, vinasafiri, na vinakutana katikati wakati ambapo mama mwenyewe pengine bado hajajua kuwa ana mimba. Vyangu, upande wa kushoto, havikufika.

Nilitoka maktaba nikapita sokoni Kamembe nikitazama midomo ya watu. Mama anayeuza visamaki vya sambaza. Dereva wa pikipiki aliyekuwa anapiga miayo. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka Bukavu na mizigo yao kichwani. Nilitazama ule mfereji mdogo chini ya pua ya kila mmoja, hadi mama wa sambaza akaniuliza kama anadaiwa samaki. Wote hawa walikuwa vipande, Papa, na vipande vyao vilitafutana gizani na kukutana, bila mtu kuvishika mkono. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini mimi sikufungwa. Siku ile nilijiuliza kitu kingine: inawezekanaje wengine wote walifungwa?

Nilikueleza jioni ile. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Madame Prof, sasa unataka nisilale." Lakini kesho yake nilikuona ukimtazama Maman mdomoni alipokuwa anasonga ugali, naye akauliza, "Iko nini? Niko na masizi?"

Asubuhi zetu nazikumbuka zaidi ya kitu chochote. Tulikaa mlangoni kwa sababu ulihitaji mwanga. Ulinawa mikono kwa sabuni mara mbili, na kabla ya hapo ulikuwa umeshachokoa gundi chini ya kucha kwa sindano. Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba Daktari alituonya nisije kuumeza, basi wewe ukaufunga kwa uzi wako wa kushonea, ule uliopakwa nta, na ncha ya pili ukaizungusha kwenye kidole chako. Ulivaa miwani ya kazi. "Fungula," ulisema. Vidole vyako ni vinene, Papa. Vinaweza kupinda soli ya buti. Na vile vidole viliingia kinywani mwangu vikatafuta tundu dogo kuliko punje ya ulezi, na havikunigusa ulimi hata mara moja. Nilikuwa natazama dari nisitazame uso wako. Nilisikia pumzi yako imesimama. Kisha shinikizo lilipanda: kwanza kwenye meno ya nyuma, halafu pembeni mwa pua, halafu mahali fulani kati ya macho ambapo sikujua kuwa mtu anaweza kusikia kitu. "Bon," ulisema. "Imekwisha. Enda masomoni."

Maman akipita na ndoo alikutania, "We Abdu, unafungula kinywa ya mutoto sawa unafungula kiatu ya muteja!" Nawe ukamjibu bila kugeuka, "Muteja eko anakuyaka mara moja. Huyu ni wa kila siku."

Sasa nakuja kwenye lile jambo.

Alhamisi ya wiki ya kwanza nililia. Hayakuwa maumivu ya kisu. Ilikuwa kubanwa, kama mtu ameweka vidole viwili kwenye mzizi wa pua kwa ndani na hataki kuviondoa. Nilikwambia, "Papa, rudisha kidogo." Ulisema Daktari hakusema hivyo. Ijumaa asubuhi nikakuomba tena, nikashika mkono wa kanzu yako, ile nyeupe uliyokuwa umeshaivaa kwa ajili ya msikiti. "Kidogo tu, Papa, nakuomba." Ulishika ufunguo muda mrefu. Kisha ukasema jambo ambalo ni fundi viatu tu angelisema: kwamba hata ngozi, ukiipanua, unairudisha nusu ili ipumue, la sivyo inapasuka kwenye mshono. "Na wewe uko na mishono mingi," ulisema. Ukaingiza ufunguo, ukauvuta kinyume, kuja midomoni. Tundu moja. Tundu la pili. Kile kitu kilichokuwa kimekaa usoni kwangu kikainuka kikaenda zake.

Nilikwenda shule nikiimba ndani kwa ndani. Na kwenye daftari alilonipa Daktari la kuhesabia mizunguko ya ufunguo, mahali pa Ijumaa, niliweka alama ya vyema kama siku nyingine zote.

Nilikuomba Ijumaa ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Hata hivyo mfupa ulikuwa unakwenda. Asubuhi moja katika wiki ya pili niliamka ulimi wangu ukakuta nafasi mahali ambapo jana hapakuwa na nafasi: meno mawili yanayopakana na ufa yalikuwa yameachana. Nilikimbia kwako huku nimefunika mdomo. Ulinigeuza kwenye mwanga, ukatazama, ukakaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyeambiwa habari. "Subhanallah," ulisema. "Kichwa ya muntu inatembea, na muntu mwenyewe eko anakunywa chai." Na kweli nilikuwa na kikombe mkononi. Nikacheka, chai ikapanda kwa kitundu kilichobaki kwenye kaakaa, nyuma ya meno, ikanitokea puani, nawe ukanifuta kwa mkono wa shati. Tulikaa pale kizingitini tukicheka hadi Maman akauliza nani ameoa. Sijawahi kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja kama asubuhi ile.

Halafu ikaja siku ya Daktari. Alipima skrubu kwa chuma chake, akachukua daftari langu, akapima tena. "Daftari linasema ishirini na nane," alisema. "Skrubu haisemi hivyo. Hapa hapafiki hata ishirini." Akatutazama. Kwenye benchi walikuwepo wazazi wengine watatu na watoto wao. "Nani amekuwa anarudisha nyuma?"

Ulivua kofia. "Ni mimi, Dokta."

"Mzee! Mfupa si ngozi! Nilikwambia mbele, mbele tu. Taya lisipofunguka vya kutosha, Kigali hawawezi kuweka mfupa, na nafasi yake ikipita sijui lini nitampatia nyingine. Unataka mtoto abaki hivi?"

"Nimekosea, Dokta. Unisamehe. Ni mimi."

Mara mbili ulisema "ni mimi". Mara mbili uliniachia mahali pa kusema, nami nilitazama viatu vyangu, vile ulivyonishonea mwenyewe. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Ni fupi. Nilimwomba mimi. Lakini watu walikuwa wengi, na unajua sauti yangu ilivyo mbele ya watu, inavyokimbilia puani. Na nilijiambia kwamba wewe ni mtu mzima, utayabeba hayo maneno vizuri kuliko mimi.

Na kama hiyo haikutosha, tulipofika nyumbani nawe ukamwambia Maman kosa ni lako, nikakwambia, "Nipe ufunguo. Nitageuza mwenyewe." Niliona aibu, Papa, na aibu yangu nikaigeuza kuwa hasira, na hasira nikakupa wewe. Uliufungua ule uzi kidoleni taratibu. Ulisema tu, "Sawa, Madame Prof. Lakini ufunge uzi."

Asubuhi kumi na moja niligeuza mbele ya kioo. Nilijichoma fizi, nilikosa tundu, nililia kwa ghadhabu. Wewe ulikuwa unakaa pale pale mlangoni, mgongo umenigeuzia, unatazama ziwa, ili nisione kuwa unanitazama. "Imeingia?" uliuliza kila asubuhi. "Mm," nilijibu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. "Imeingia?" "Mm."

Siku ya kumi na mbili presha ilikupanda ukiwa kibandani, ukaangukia upande wa mashine, na watu wa sokoni walipokufikisha hospitali ulikuwa umeshatuacha. Walikuzika kesho yake kabla ya alasiri. Nyumba ilijaa wanawake kila chumba. Siku tatu sikugeuza ufunguo, maana hapakuwa na mahali ambapo ningeweza kufungua kinywa bila mtu kuona. Siku ya nne nilijifungia bafuni, nikageuza. Mbele. Sikurudisha nyuma tena hata kidogo, hata Ijumaa, hata uso wote ulipokuwa unapiga kama ngoma.

Yaliyotokea baadaye huyajui, basi nakuhadithia.

Maman alikuwa ndani ya eda, haruhusiwi kutoka kwa miezi minne na siku kumi, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyenipeleka kwa Daktari. "Mzee yuko wapi leo?" Daktari aliuliza. Shangazi alimwambia. Daktari aliweka vyombo chini, akavua glavu, akakaa. Nilitaka kusema wakati ule. Sikuweza. Baada ya wiki chache zaidi akapima, akasema sasa panatosha, akaiziba skrubu kwa dawa nyeupe inayoganda kama jiwe. Sasa hakuna kugeuza, alisema, ni kungoja, kwa sababu kovu linakumbuka. Ukitoa kifaa mapema, linarudisha taya lilikotoka. Papa, ni maneno yako mwenyewe. Niliwahi kukusikia ukimgombeza yule mteja aliyekuwa na harusi: "Acha ikae ndani! Ukiitoa leo, kesho itarudi kule ilitokaka!"

Nilipokwenda Kigali kwa upasuaji, eda ya Maman ilikuwa imebakiza siku chache. Alisimama ndani ya mlango, hakuvuka kizingiti, akashika uso wangu. "Uende na Mungu," alisema. "Miguu yangu iko hapa ndani. Roho iko mu bus." Tulipita msitu wa Nyungwe kwenye mvua, Shangazi akisali, mimi nikihesabu nguzo.

Wanachukua mfupa nyongani, Papa. Wanafungua kidogo, wanachota ule mfupa laini wa ndani, wanaupanga ndani ya ufa, wanashona fizi juu yake. Nilipoamka nyonga iliniuma kuliko mdomo. Yule daktari wa upasuaji, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, nilimuuliza mfupa unajuaje kwamba sasa ni taya. Ni swali la kwanza nililowahi kumuuliza mgeni bila kujiandaa. Alisema, "Haujui. Unakuta damu, unaanza kuishi." Nimelifikiria jibu hilo miezi mingi. Kipande cha mahali ninapokalia sasa kiko chini ya pua yangu, na kinaishi, na hakilalamiki.

Na kuna jino. Hili ungelipenda kuliko yote. Juu ya ule ufa, karibu na pua, kuna jino ambalo limekaa ndani ya mfupa miaka yote hii. Halikushuka kwa sababu halikuwa na mahali pa kupita. Jana Daktari alinionyesha: limeanza kuelekea chini. Linapita ndani ya mfupa mpya. Hakuna aliyeliambia kwamba njia imefunguliwa, Papa. Hakuna aliyelisukuma. Nilitazama ile picha mpaka Daktari akaniuliza kama nimeona kitu kibaya, nikatikisa kichwa.

Sauti yangu bado inapita puani. Nakwambia ukweli ili usidhani nimepona kila kitu. Nilidhani kifaa kitaibadilisha. Daktari anasema hilo ni jambo lingine, lina mazoezi yake. Kibandani kwako sasa kuna mtu anauza vifuniko vya simu. Wateja bado wanafika wakiuliza fundi Abdu.

Jana, basi, nilipokuwa bado natazama lile jino, nilimwambia Daktari. Nilisema, "Ni mimi niliyemwomba baba arudishe. Zile Ijumaa zote. Alirudisha kwa sababu nililia."

Aliuliza, "Mara ngapi?"

"Nne."

"Na kwenye daftari uliandika nini?"

"Niliandika kama kawaida."

Alinitazama kwa macho makali, nikajua anavyowatazama wazazi. Kisha makali yakaisha. Alisema taya lenye makovu kama yangu mara nyingine madaktari wenyewe hulipanua polepole kwa makusudi, na kwamba wewe hukuharibu chochote, ulimchelewesha tu, na ucheleweshaji ule taya liliufidia wote. "Hakuharibu," alirudia. Halafu akasema, kama anajisemea, "Nami nilimsema vile mbele ya watu. Mtu mzima na kofia yake mkononi. Hilo ni langu."

Sikujua mtu aliyesoma kiasi kile anaweza kusema "hilo ni langu".

Yule mama wa benchini anatoka Nyakarenzo, ni mkulima, amekuja na binti yake wa miaka tisa ambaye jana amefungwa kifaa kama changu. Mama alikuwa ameshika ufunguo kwa vidole viwili kama kitu kinachounguza. "Oya, oya, hapana," alikuwa anasema, "mimi nitamuumiza." Mikono yake ilikuwa ya jembe, imepasuka kwenye viungo. Daktari aliniangalia, akaenda kunawa.

Nilikaa kati yao. Nilimwonyesha mama namna ya kufunga uzi. Mtoto alikuwa amefunga mdomo kabisa, nami najua kufunga kule. Basi nikafungua wangu. Nilifungua kinywa changu mchana, mlangoni, penye mwanga, mbele ya watu nisiowajua, nikawaonyesha kilipokuwa kifaa, na meno yalipoachana, na mahali mfupa ulipo sasa. Mtoto alisogea akatazama ndani kwa muda mrefu, akaniuliza nani alikuwa ananigeuzia. Nikasema baba yangu. Akauliza kama alikuwa na vidole vikubwa kama vya mama yake. "Vikubwa zaidi," nilisema. "Na vyeusi kwa dawa ya viatu." Akafungua mdomo.

Nilimwambia mama: "Kuna siku atakulilia urudishe nyuma. Usirudishe. Mpigie Daktari simu. Mimi nilimlilia baba yangu, akarudisha, na lawama akaibeba yeye."

Nilisema hivyo kwa sauti. Watu walikuwa wanasikia. Dari haikuanguka.

Ndipo nilipoelewa kwamba nimewaambia watu wote isipokuwa wale wa nyumbani. Shangazi bado anasema aliyoyasema. Maman bado anatazama chini. Anadhani mume wake, siku zake za mwisho, alikosea kwa mtoto wake, na analibeba hilo peke yake kwa sababu hataki mimi nilisikie. Miezi yote hii tumekuwa tunafichana jambo lile lile, kila mtu upande wake.

Papa, ulinipa uso wangu mara ya pili, robo ya milimita kwa siku. Sina neno la kutosha kwa hilo, hata kwenye vitabu sijalikuta. Nakuahidi kitu kimoja ninachokiweza: hakuna mtu atakayesema tena "ni mimi" kwa jambo langu nikiwa nimekaa kimya pembeni.

Shangazi amefika sasa hivi, nasikia sauti yake uani. Amekaa na Maman, wanachambua maharage, na jua bado liko juu. Wako wote wawili. Sitapata nafasi nzuri kuliko hii, na nikiendelea kuandika itakuwa ni kwa sababu naogopa.

Pumzika, Papa. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru.

Nakwenda kuwaambia.

Mwanao,
Salima